Kisukari na Mpango wa Kupata Mtoto: Kliniki Kabla ya Mimba

Hotuba kwa wakazi katika baraza la afya ya jamii



Mama mwenye kisukari anaweza kushika mimba, kuibeba salama na kujifungua mtoto mwenye afya. Wengi wamefanya hivyo. Kinachoharibu mambo mara nyingi ni kuchelewa. Moyo, ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hutengenezwa katika wiki 8 za kwanza, wakati ambapo mama wengi ndio kwanza wanashuku kwamba hedhi imekawia. Wengine hufika kliniki mwezi wa nne au wa tano. Sukari ikiwa juu katika zile wiki za mwanzo, hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na kasoro huongezeka, na hakuna dawa ya mwezi wa tano inayoweza kurudisha nyuma jambo hilo.

Kwa hiyo ziara ya kwanza ni miezi 3 hadi 6 kabla ya mimba, na mume aje pia. Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3 iliyopita. Kudungwa kidole asubuhi moja hakutoshi. Lengo ni chini ya asilimia 6.5, ikiwa linafikiwa bila sukari kushuka kupita kiasi. Aliye juu ya asilimia 10 hushauriwa asishike mimba kwanza, aendelee na njia ya kupanga uzazi hadi sukari itulie. Kungoja huko si kwepesi katika boma ambalo mama mkwe huuliza habari ya mjukuu kila Krismasi, na ndiyo sababu mume anahitajika kusikia maneno haya mwenyewe. Macho na figo vikaguliwe pia, maana mimba inaweza kuzidisha madhara yaliyokwisha kuanza huko.

Penye makosa mengi ni kwenye dawa. Kuna anayesikia kwa jirani kwamba dawa hudhuru mtoto, akatupa vidonge vyote siku hiyo hiyo. Sukari hupanda, na sukari hiyo ndiyo humdhuru mtoto. Metformini inaweza kuendelea kwa ushauri wa daktari. Wengi huongezewa insulini au huhamishiwa kwayo. Kuanza insulini si dalili kwamba mgonjwa yuko karibu kufa, ingawa bado hunong'onwa hivyo vijijini. Dawa zinazohitaji kubadilishwa mapema ni zile ambazo mgonjwa hazihesabu kuwa za kisukari: enalaprili na losartani za presha, ambazo zinaweza kudhuru figo za mtoto, na atorvastatini ya kolesteroli. Zipo za presha zinazomfaa mjamzito, kama metildopa na nifedipini. Mgonjwa aende na pakiti zote mkononi, asije akasema tu kwamba humeza "kile cheupe kidogo".

Foliki asidi huanzwa afadhali miezi 3 kabla ya mimba, hadi wiki ya 12. Mwenye kisukari mara nyingi huandikiwa miligramu 5 kwa siku, zaidi ya kipimo cha kawaida, hivyo aulize kabla ya kununua dukani.

Kuhusu uzito, mama wa kilo 90 haambiwi arudie kilo za usichana. Akipunguza asilimia 5, yaani kilo 4 na nusu, mwili huanza kuitikia insulini vizuri zaidi. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, kabeji au mchicha, robo ugali, robo maharagwe, ndengu au omena. Soda iachwe. Anayetumia insulini asishinde njaa ili akonde haraka. Sukari inaweza kushuka akazirai. Anayedungwa semaglutide aiache angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba, baada ya kupangiwa dawa nyingine.

Na kuna hili ambalo huwashtua wengi. Mwanamke aliyekosa hedhi kwa muda mrefu kwa sababu ya uzito anaweza kuanza tena kupevusha mayai baada ya kupungua kilo chache. Anayejidhania tasa huacha kinga, mimba ikaingia sukari ikiwa asilimia 11.

Aliye na mimba tayari asiache dawa wala asingoje mwezi wa nne. Afike kituo cha afya kilicho karibu wiki hii, aseme mlangoni kwamba ana kisukari na ni mjamzito.