Injini Inapokula Oili: Tazama Moshi Kabla ya Kulipa
Mazungumzo na wamiliki wa magari wa Malindi, Wilaya ya Lushoto



Gari lililotumika miaka mingi likianza kula oili, mara nyingi mwenyewe huambiwa neno moja tu: injini ifunguliwe. Huenda ni kweli. Lakini gharama hiyo yaweza kumeza mapato ya msimu mzima wa kabichi, nayo haifai kulipwa kabla ya kujulikana oili inapotelea wapi.

Anzeni na kipimo chenyewe. Hapa milimani uwanja tambarare ni adimu, na gari lililoegeshwa mteremkoni hudanganya, kwa kuwa oili huegemea upande mmoja. Tafuteni mahali pa usawa, zimeni injini, ngojeni kama dakika 10, ndipo mchomoe kijiti. Andikeni kilomita kila mnapoongeza oili, wala msiache kuongeza mkisubiri fundi. Tazameni pia chini ya gari: oili inayovuja haikuungua.

Kisha moshi. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi, unaotoweka injini ikipata moto, si ugonjwa. Moshi wa oili una rangi ya buluu, na barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo kupitia Soni huufichua vizuri kuliko karakana nyingi. Mwenye injini ya petroli ashuke kwa gia namba mbili, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta. Hapo injini huvuta kwa nguvu upande wa kuingizia hewa, na oili hupenya kwenye sili za valvu zilizokakamaa. Akikanyaga mafuta tena, moshi wa buluu ukatoka kwa wingi kisha ukapungua, azishuku sili hizo, ambazo katika injini nyingi hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi ukitoka mfululizo wakati wa kupanda na mzigo, zishukiwe ringi za pistoni. Mwenye gari la nyuma ndiye atazame, si dereva. Wenye dizeli wasitegemee kipimo hiki.

Kabla ya kuzihukumu ringi, fundi akague valvu ndogo ya kupumulia injini. Ikiziba, oili husukumwa kwenye njia ya hewa na kuungua. Ni kipuri cha bei ndogo, na labda ndiyo sababu husahauliwa. Baadaye apime kompresheni ya kila silinda: kwanza ikiwa kavu, halafu baada ya kutia oili kidogo kupitia tundu la plagi. Namba ikipanda sana mara ya pili, ringi au kuta za silinda zimelika, na hapo kufungua injini kuna hoja.

Namba hizo ziandikwe, mpewe nakala. Daini risiti na vipuri vilivyotolewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mkileta malalamiko, karatasi hizo ndizo tutakazoomba kwanza kuziona.