Kutu Chini ya Lori Jipya: Lipakwe Dawa au Liachwe?



Mtu anunuapo lori jipya hulizunguka akaitazama rangi yake, akaketi kwenye usukani, akasikiliza injini. Ni wachache wainamao kutazama chini. Hata hivyo nguvu ya lori zima imo huko chini: katika zile boriti mbili ndefu za chuma ziitwazo chesisi, katika springi na ekseli, na katika vibomba vyembamba vipelekavyo nguvu ya breki kwenye magurudumu. Bodi ikitoboka, lori huonekana baya tu. Lakini kibomba cha breki kikitoboka mteremkoni, na lori limebeba tani saba, jambo hilo si la uzuri tena, bali ni la roho za watu.

Kwa hiyo yafaa kulifikiri kwa makini swali ambalo wenye malori huulizana mara kwa mara, hasa wale wa Pwani: je, lori jipya lipakwe dawa ya kuzuia kutu, au huko ni kutupa fedha? Na kama yafaa lipakwe, lipakwe kitu gani, na kwa njia gani?

Kwanza ni lazima kumjua adui mwenyewe. Kutu huhitaji vitu vitatu vikutane: chuma, maji na hewa. Kimoja kikiondolewa, kutu haifanyiki. Chumvi peke yake si kutu, lakini huiharakisha sana kwa njia mbili. Maji ya chumvi hupitisha kwa urahisi ule umeme mdogo ambao hutembea katika chuma kinapoliwa. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kama kila mpishi ajuavyo atazamapo kibakuli chake cha chumvi siku za masika. Basi chuma chenye vumbi la chumvi hukaa majimaji usiku kucha hata kama mvua haikunyesha. Na kutu yenyewe huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana mahali palipofungwa vipande viwili vya chuma kwa bolti, kutu huingia katikati, ikavimba, ikavisukuma viachane.

Watu wa Pwani hawakungoja motokaa zije ndipo wajifunze kukinga chombo. Tangu zamani mabaharia wamekuwa wakipweleza majahazi yao, wakayakwangua chini, wakayapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu wakazipaka sifa, mafuta ya papa. Adui wa mbao ni mwingine, lakini kanuni ni moja: hakuna nahodha aliyepaka deheni mara moja akasema kazi imekwisha. Alijua kwamba kila msimu una kazi yake.

Kinga ya pili ijulikanayo kila kijiji ni bati la nyumba. Mwaka 1837 Mfaransa mmoja, jina lake Stanislas Sorel, alipata hataza ya njia ya kutia chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki haifuniki chuma tu, bali pia hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kisalimike. Bati likipata mkwaruzo mdogo, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huendelea kukilinda chuma kilicho wazi. Zinki ikiisha, ndipo bati huanza kuwa jekundu.

Pengine mtu atasema, “Lori langu limetoka kiwandani, je, wenye kiwanda hawakufanya kazi yao?” Walifanya. Tangu miaka ya 1960 viwanda vingi vya magari vimetumia njia ya kuzamisha bodi katika tangi la rangi na kupitisha umeme, ili rangi ifike hata pembeni. Lakini mawe ya barabarani huibandua rangi, na ndani ya boriti zilizofungwa maji na matope hukaa pasipo kuonekana. Wala sifa ya kiwanda si kinga kamili. Mwaka 2008 kampuni ya Toyota ilitangaza huko Marekani kwamba itazitengeneza au kuzinunua tena pikapu zake za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ambazo chesisi zake zilitobolewa na kutu. Katika sehemu za baridi za nchi ile chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Hapa Kenya hakuna barafu barabarani, lakini Gongoni iko chumvi, Likoni yako maji ya bahari, na huko bara iko mizigo ambayo hula chuma sawasawa na chumvi.

Basi mwenye lori na ajiulize maswali matatu kabla ya kufungua mfuko wake.

Swali la kwanza: Lori litafanya kazi wapi, na litachukua mzigo gani? Lori litakalochukua chumvi kutoka Gongoni, au samaki katika barafu yenye chumvi, au kulala kila usiku Mombasa, Malindi au Lamu, linahitaji kinga bila shaka. Vivyo hivyo lori la mbolea ya dukani, kwa kuwa mbolea nyingi za aina hiyo huvuta unyevu na kula chuma; na lori la ng'ombe, kwa sababu ya mkojo upitao katikati ya mbao na kuangukia chesisi. Lakini lori lichukualo mchanga au mahindi katika nchi kavu, kama pande za Isiolo au Kitui, laweza kukaa miaka mingi kwa kuoshwa vizuri tu.

Swali la pili: Mwenyewe atakaa nalo muda gani? Atakayeliuza baada ya miaka miwili au mitatu hatapata faida kubwa. Lakini chama cha ushirika, au ndugu waliochanga fedha za miaka mingi wakinuia lori liwasomeshee watoto, hao wanahesabu miaka 10 au 15. Hao ndio hasa kinga hii iliwekwa kwa ajili yao.

Swali la tatu: Je, atairudia kazi hii? Asiyekuwa tayari kulitazama lori chini kila mwaka asijidanganye kwamba atanunua usalama kwa siku moja.

Akiisha kujijibu, na aangalie dawa zenyewe. Zipo za namna nne zinazouzwa au kusifiwa.

Ya kwanza ni ile nyeusi na ngumu, ya lami au mpira. Huzuia mawe vizuri, na juu ya chuma kipya, kisafi na kikavu, hufaa. Hatari yake ni kwamba ikipasuka, maji huingia chini yake na hayawezi kutoka. Kwa nje lori huonekana jeusi na zima, kumbe kwa ndani chuma kinaliwa gizani. Kuipaka juu ya kutu ni kuifungia kutu nyumba.

Ya pili ni nta ya maji, ipulizwayo kwa mpira mrefu mpaka ndani ya boriti na milango. Hiyo hufika mahali ambapo burashi haifiki, nayo hubaki laini kiasi.

Ya tatu ni mafuta mazito au grisi iliyotengenezwa kwa kazi hii, mingine hutokana na mafuta ya sufi ya kondoo. Haikauki kabisa, hutambaa ikaingia katika viungo, na ikikwaruzwa hujifunika tena. Kasoro yake ni kwamba huoshwa na maji, basi ni lazima irudiwe kila mwaka. Kwa kazi ya Pwani, nta ndani ya boriti na mafuta haya kwa nje ndiyo njia inayofaa zaidi, kwa sababu kila itazamwapo huonyesha hali ya chuma, wala haifichi.

Ya nne ni kisanduku kidogo cha umeme kifungwacho kwenye betri, ambacho husemwa huzuia kutu gari zima. Umeme hulinda meli iliyo ndani ya bahari na bomba lililozikwa ardhini, kwa kuwa maji au udongo hukamilisha njia ya umeme. Lori limezungukwa na hewa. Njia hiyo haipo. Fedha hizo afadhali zinunue mafuta.

Kuna desturi moja ya gereji nyingi ambayo haifai kabisa, nayo ni kupuliza oili chafu iliyomwagwa kutoka injini. Oili hiyo ina asidi na vipande vya madini, huharibu mipira ya springi na ya breki, hudondoka ikaharibu udongo na maji ya visima, tena ni hatari kwa ngozi na mapafu ya fundi aipulizaye.

Sasa, kazi ifanywe vipi? Wakati ulio bora ni kabla ya safari ya kwanza, maana chuma bado hakijaonja chumvi. Ikiwa limekwisha kutembea, lioshwe chini kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi. Hapa watu wa Pwani wajihadhari: visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuosha lori kwa maji hayo ni kulipaka ugonjwa. Maji ya mvua au ya mfereji ndiyo yafaayo. Kisha liachwe juani likauke siku mbili. Miezi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, hufaa sana kwa kazi hii, kabla masika haijafika.

Mahali penye kutu pasuguliwe kwa burashi ya waya, pakapakwa rangi yenye zinki, ikakauka. Ndipo dawa ipulizwe. Fundi asipake diski wala ngoma za breki, bomba la moshi, mipira, viungo vya nyaya, wala mti wa propela. Yale matundu madogo chini ya milango na boriti yasizibwe, kwa kuwa ndiyo mifereji ya kutolea maji. Wala asitoboe tundu jipya kabla mwenye lori hajaisoma barua ya dhamana, kwa maana tundu moja laweza kuifuta dhamana ya kutu.

Baadaye, matope ya udongo mwekundu yabanduliwe penye magurudumu, kwani hushika maji siku nyingi. Lori la chumvi lioshwe chini kila juma. Na kabla ya ukaguzi wa kila mwaka ambao magari ya biashara hupelekwa, vibomba vya breki vitazamwe kimoja kimoja kwa tochi. Kilichoanza kuvimba kibadilishwe, kisipakwe.

Mwisho ni hesabu. Mwenye lori na aandike katika daftari bei ya kulipaka kila mwaka, akaizidishe kwa miaka atakayokaa nalo. Upande wa pili aandike bei ya vibomba vipya, ya mabano ya springi, ya kuunga chesisi, na siku ambazo lori litasimama gereji pasipo kuleta hata senti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa lori la nchi kavu, pengine daftari litamwambia kwamba maji na burashi vyatosha, na asione haya kulitii. Kwa lori la Pwani, la chumvi, la mbolea au la ng'ombe, ni vigumu daftari kusema hivyo. Lakini kibomba cha breki hakina upande wa pili katika daftari lolote. Hicho kitazamwe kila mwaka, penye chumvi na pasipo chumvi.