Ngisi Haishi Miaka Mingi: Tutunze Mayai Yake

Leo tuzungumze juu ya ngisi mwenye mfupa mpana mweupe mgongoni. Wengine humwita dome.

Mwaka mmoja tunampata kwa wingi, tunakula na kuuza. Mwaka wa pili tunarudi mikono mitupu, tunaanza kulaumiana. Kabla hatujagombana, tumjue kwanza ngisi mwenyewe.

Ngisi anakaa wapi? Anakaa katika maji ya chumvi tu, mtoni hayupo. Hupenda mchanga, majani ya baharini na matumbawe. Hujifukia mchangani, hubadili rangi, akavizia kamba, kaa na samaki wadogo. Ule mfupa una vyumba vidogo vya hewa vinavyomsaidia kuelea. Akizama kina kirefu mno, uzito wa maji huuvunja. Kwa hiyo hawezi kukimbilia kilindini.

Je, anaishi muda gani? Mwaka mmoja hivi, au miwili. Akishazaa, hufa. Hakuna wazee wanaobaki kuwa akiba. Ngisi wa msimu huu ni mayai ya msimu uliopita. Mayai yakiharibika, msimu ujao tutakosa.

Bahari nayo ina nguvu zake. Joto la kiasi huangua mayai upesi, lakini likizidi, vitoto hufa. Huko Somalia na Omani, upepo wa kusi hupandisha maji baridi yenye rutuba kutoka chini, na chakula huongezeka. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kali, na matumbawe mengi ya pwani yetu ya Afrika Mashariki yakafa. Hayo ni makao ya ngisi.

Tuchukue mfano wa mbali. Kule Australia, karibu na mji wa Whyalla, ngisi wakubwa hukusanyika kila mwaka kutaga. Mwaka 1999 walikadiriwa kuwa kama 183,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,500 tu. Serikali ikazuia kuwavua katika eneo hilo. Kufika mwaka 2020 walizidi 240,000. Hatusemi katazo peke yake ndilo lililowarudisha, maana hali ya maji nayo hubadilika. Lakini wazazi walioachwa ndio waliotaga.

Basi sisi tufanye nini? Upepo na joto hatuviwezi. Haya tunayaweza: tusiburute juya juu ya majani ya baharini. Tusitumie baruti, inavunja matumbawe. Dema likitoka na mayai yamegandamana, tusiyakwangue tukayaacha juani. Tulirudishe majini mpaka yaanguliwe.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, msomee na jirani yako. Kisha mlizungumze jambo hili katika mkutano wa kijiji.