Ganzi ya Uso kwa Mama Mjamzito: Neno kwa Wazee na Wanachama

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Voi)



Tuna neno juu ya afya ya wake zetu na binti zetu. Twasema nanyi wazee kwanza, kwa kuwa katika nyumba nyingi, tangu Sagalla na Kasigau hata milima ya Wundanyi, mama mjamzito haondoki kwenda hospitali mpaka mkubwa wa nyumba aamue na nauli ipatikane.

Mke wa mwanachama mwenzetu, mimba yake ikiwa ya miezi minane, aliamka asubuhi uso umekufa ganzi upande mmoja, mdomo umekwenda kando, na jicho halifumbi. Mumewe alikuwa kazini Mombasa. Sisi tulioitwa kushauri tulisema ni upepo wa usiku. Wengine walinong'ona habari za uchawi. Siku nne zikapita. Alipofika kwa daktari, jicho lilikuwa limekauka na kuwa jekundu, na siku zilizofaa zaidi kuanza dawa zilikuwa zimekwisha. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini baada ya miezi mingi. Kosa lilikuwa letu, wala hatulifichi.

Maradhi yale si upepo wala uchawi. Yaitwa kwa jina la Charles Bell, tabibu mpasuaji wa Uskoti, ambaye mwaka 1821 alieleza kazi ya mshipa wa fahamu wa uso. Mshipa huo hupita katika njia nyembamba ya mfupa karibu na sikio. Ukivimba, hubanwa, na uso hulegea. Huwapata wajawazito zaidi katika miezi mitatu ya mwisho na siku za kwanza baada ya kujifungua. Wengi hupona. Dawa ya kupunguza uvimbe, daktari akiona yafaa, hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Na jicho lisilofumba hutiwa dawa ya kulilowesha na kufunikwa usiku.

Lakini, wazee wetu, si kazi yetu kuyapa maradhi jina tukiwa nyumbani, kwa maana yako mengine yanayofanana nayo, nayo huua. La kwanza ni kiharusi: uso hulegea, mkono au mguu hukosa nguvu, au maneno hayatoki sawasawa. Hapo hata saa moja ni nyingi. La pili ni shinikizo la damu la ujauzito, liletalo kifafa cha mimba. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, na uso na mikono kuvimba ghafula. Kipimo kikifika 140 kwa 90 mama hahitaji kungojea. Wala hatari haiishi siku ya kujifungua, bali huweza kufuata majuma kadhaa baadaye.

Basi kanuni ni nyepesi. Uso ukilegea, au ganzi ikija pamoja na mojawapo ya dalili hizo, mama aende siku ile ile, hata usiku. Ganzi nyepesi ya peke yake huenda isiwe na hatari. Hata hivyo muuguzi aambiwe upesi, isingojewe tarehe ya kliniki. Zahanati ya karibu yaweza kupima damu na mkojo. Yakizidi, iko Hospitali ya Moi hapa Voi, iko Wesu, na iko Taveta kwa ndugu zetu wa mpakani.

Twaleta maombi mawili mbele ya mkutano huu. Kwanza, mume aliye mbali aamue mapema, kabla ya miezi ya mwisho, kwamba mkewe ana ruhusa ya kuondoka bila kungojea simu yake. Pili, mweka hazina apewe idhini ya kutoa nauli ya mama mgonjwa siku ile ile, bila kuitisha kikao. Hesabu itasomwa baadaye. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliukuta ufa tukaufanyia mashauri siku nne. Tusirudie.