Angahewa, Ardhi na Udongo: Kiswahili cha Sayari Kitazamwapo kutoka Bariadi



Maneno ninayokusudia kuyajadili leo ni ya kawaida mno, na aghalabu mwanaisimu hayapi saa nzima: angahewa, ardhi, udongo, mvua. Nimeyachagua kwa sababu tangu Mariner 2 ilipopita karibu na Zuhura mwezi Desemba 1962, vyombo vya angani vimekuwa vikituletea habari za mahali ambapo waliotuachia maneno hayo hawakupata kupafikiria. Hatuna budi kuuliza kama yakipelekwa huko yanabaki na maana yake, au yanahitaji kusaidiwa.

Mfano wangu mkuu nitautoa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Mwanafunzi wa huko aghalabu huzungumza Kisukuma nyumbani na husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza katika shule ya serikali, Jiografia huigeukia kwa Kiingereza. Anapofika kwenye somo la mfumo wa jua ana lugha mbili zilizojaa maarifa ya ardhi, lakini hakuna inayoulizwa chochote.

Tuanze na angahewa. Istilahi hii imeundwa kwa kuambatanisha anga na hewa, na wapo wanaoilalamikia kwamba hewa kwa Mswahili ni kitu cha kuvutwa puani, ilhali hakuna kiumbe awezaye kuivuta ile ya Zuhura, ambayo zaidi ya asilimia 96 yake ni hewa ukaa, mawingu yake ni ya asidi ya salfa, na kanieneo yake juu ya ardhi ni takribani mara 90 ya ile tuliyoizoea. Joto hufika nyuzi 465 za Selsiasi. Chombo cha Kisovieti Venera 13, kilichotua huko Machi 1982, kilidumu dakika 127 tu, na hizo zilizidi sana matarajio ya waliokituma. Kwa maoni yangu malalamiko hayo hayana uzito. Kiswahili chenyewe husema hewa chafu, hewa nzito, hewa ya sumu. Sharti la kuvutika halimo ndani ya neno. Tunaweza kusema bila kigugumizi kwamba hewa ya Mirihi ni nyepesi, kwa kuwa kanieneo yake haifiki hata asilimia 1 ya ile ya Dunia.

Lakini tunajuaje hayo yote? Hapa mwalimu anahitaji maelezo mepesi kuliko istilahi. Mwanga wa jua ukipita katika gesi hupunguzwa. Kila gesi huchukua sehemu zake maalumu za rangi na kuziacha nyingine zipite. Chombo kinachoizunguka sayari huupanua mwanga unaorudi kutoka huko, kisha hutazama ni rangi zipi zimepungua. Pengo ndilo saini ya gesi. Pale mawingu yanapofunika kila kitu, kama Zuhura, hutumika rada: Magellan, kati ya mwaka 1990 na 1994, ilichora kwa rada takribani asilimia 98 ya uso wa sayari hiyo. Maelezo haya yote nimeyatoa kwa Kiswahili cha kawaida, na neno la kigeni lililonilazimu kulitumia ni moja au mawili, nayo yalikwisha kuzoeleka.

Neno ardhi lina kisa cha kufurahisha. Kwa Waarabu ni jina la sayari hii pia. Kiswahili kililichukua na kulifinya: sayari tukaiita Dunia, ardhi ikabaki kuwa nchi kavu tunayoikanyaga. Kufinywa huko leo kunatufaa sana. Chombo InSight kilipotua Mirihi Novemba 2018 na kurekodi mitikisiko zaidi ya 1,300 hadi kilipozimika Desemba 2022, lugha kadhaa ziliona haja ya kubuni neno jipya, kwa kuwa neno lao la tetemeko limebeba jina la Dunia. Sisi twasema tetemeko la ardhi huko Mirihi na hakuna kinachogongana. Mkopo uliopunguzwa maana umetuachia istilahi inayofaa sayari yoyote.

Udongo ndiyo fundo lenyewe, nami nitakaa hapo kwa muda.

Vitabu vyetu vikizungumzia uso wa Mwezi au wa Mirihi huandika udongo kana kwamba ni kitu kimoja. Mkulima wa Bariadi asingekubali. Kisukuma hakitosheki na neno moja: kuna luseni, udongo wa kichanga, kuna itogolo, wenye tabaka gumu chini linalozuia maji, kuna ibushi, mzito na wenye chokaa, na kuna mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Majina hayo hufuata mpangilio wa mteremko, kuanzia mawe ya kilimani hadi bondeni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hiyo katika Afrika Mashariki mwaka 1935 na kuupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo lingali linatumika duniani kote. Wasukuma walikuwa wakilima kwa kuufuata.

Tazameni kilichotokea kwa neno mbuga. Kisukuma kilibaki na udongo. Kiswahili kikachukua uwanda wa nyasi, kisha hifadhi ya wanyama, hata mwanafunzi akisikia mbuga huwaza Serengeti na simba wake. Udongo umetoweka katika neno. Ni hasara, kwa maana udongo ule mweusi, unaovimba mvua zinaponyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, ni mfinyanzi wa jamii inayoitwa smektaiti. Jamii hiyohiyo ya madini iligunduliwa na gari la utafiti Curiosity, lililotua katika kreta ya Gale huko Mirihi mwaka 2012, ndani ya miamba iliyokuwa matope ya ziwa la kale. Mwaka 2017 wanasayansi walieleza bamba la mwamba humo lenye nyufa za tope lililokauka, zimeungana pembe kwa pembe. Mtoto wa Meatu anazikanyaga nyufa za namna hiyo kila kiangazi akienda kuchunga. Somo la maji ya Mirihi lingeweza kuanzia chini ya miguu yake.

Mwezi ni jambo jingine. Hapakuwa na maji ya kuusaga mwamba wala mizizi. Kuna mawe yaliyovunjwavunjwa na vimondo kwa muda wa miaka bilioni kadhaa. Wapo wanaopendekeza kutohoa istilahi ya Kigiriki. Mimi nasema tunalo neno kifusi, na kila aliyewahi kuona nyumba ikibomolewa analijua. Basi uso wa Mwezi uwe na kifusi. Mirihi iwe na kifusi mahali pengi, na mfinyanzi pale ambapo maji yalifanya kazi. Wenzangu watasema kifusi hakina hadhi ya kitaaluma. Ikulu nayo ilikuwa makao ya mtemi kwa Wanyamwezi na Wasukuma kabla ya kupewa hadhi iliyo nayo sasa.

Nimetaja vimondo. Neno kimondo lina maana mbili, mmweko wa usiku na jiwe lililoanguka, na muktadha huzitenganisha bila shida. Tanzania ina ushahidi wa mawe hayo: Mbozi lipo lile pande kubwa la chuma, Malampaka, katika Wilaya ya Maswa, ni jina la kimondo kilichoanguka mwaka 1930, na Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, kilianguka kingine tarehe 16 Desemba 1938. Hiki cha mwisho kimelipa kundi zima la vimondo adimu jina lake. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta gramu zipatazo 5 kutoka kwenye asteroidi Ryugu, Desemba 2020, wachunguzi walikuta zinafanana na kundi la Ivuna. Jina la kijiji chetu limo katika makala za kimataifa, lakini sijaliona katika kitabu cha kiada cha Kiswahili. (Hata Kipini, mji wa Waswahili kwenye mlango wa mto Tana, una kreta yake huko Mirihi.)

Nimalizie na mvua, ambayo sina jibu lake kamili. Chombo Huygens kilitua Titani, mwezi wa Zohali, tarehe 14 Januari 2005, na Cassini iliendelea kuuchunguza hadi mwaka 2017. Kuna mawingu huko, kuna mito, kuna maziwa, na kinachonyesha ni methani. Kamusi zetu huieleza mvua kuwa ni maji. Ama tupanue fasili, ama tuseme kwamba kinachodondoka Titani si mvua. Mimi naelemea upande wa kwanza, ingawa najua kwamba tukifungua mlango huo, fasili za mto na ziwa zitataka kupita papo hapo. Wanaleksikografia mlio humu ukumbini, ningependa kusikia mngeiandikaje kidahizo hicho.