Vita Vinapokwisha: Wafungwa na Watiifu wa Upande Ulioshindwa

Leo tunataka kusema habari za vita, lakini hatutasema habari za mapigano. Tutasema habari za siku zinazofuata. Vita vikiisha, mfungwa afanywe nini? Na yule aliyekuwa mtiifu kwa bwana aliyeondolewa, alale wapi?

Tunaanza hapa Magoma, katika bonde la mto Luengera, lililo kati ya milima ya Usambara ya magharibi na ile ya mashariki. Huko magharibi uko Vuga, mji wa wafalme wa Kikilindi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alikufa mwaka 1862, na kiti chake kikashikwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde penye njia ya biashara, naye alikuwa na bunduki nyingi. Akamwondoa Shekulwavu katika Vuga. Wabondei nao wakainuka juu ya watawala wao wa Kikilindi, na maasi hayo yakaitwa Kiva. Abdallah bin Hemedi aliyaandika mambo ya siku zile katika kitabu chake, Habari za Wakilindi.

Katika Kiva, Wakilindi waliuawa au wakafukuzwa kwa sababu ya ukoo wao tu. Na katika vita vya milimani, mateka walishushwa pwani wakauzwa. Tazameni jinsi jambo hili lilivyokwenda: mateka alinunua bunduki na baruti, na bunduki ikaenda kutafuta mateka mwingine. Aliyeshindwa leo alikuwa ndiye gharama ya vita vya kesho. Basi amani ingepatikana wapi? Hata soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, biashara hiyo haikukoma mara moja, na ugomvi wa Wakilindi uliendelea mpaka Wadachi walipoishika nchi.

Maji ya Luengera hushuka mpaka mto Pangani, na mto huo hufika baharini penye mji wa Pangani. Na tuufuate. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kuwapinga Wadachi, na mkubwa wao alikuwa Abushiri bin Salim. Mwaka huo huo wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, walikuwa wakitoka Usambara. Abushiri akawakamata, akawatia minyororo. Kisha akawaachilia kwa fidia. Mwaka uliofuata zamu ikageuka. Abushiri mwenyewe alikamatwa, akaletwa Pangani amefungwa, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Mwenziwe, Bwana Heri wa Saadani, alipigana mpaka mwaka 1890. Akajitoa mwenyewe, akasamehewa na Wissmann, mkuu wa majeshi ya Wadachi, akaruhusiwa kurudi Saadani na watu wake. Wawili hawa walipigana na adui mmoja. Mmoja akapewa kamba, mwingine akapewa mji wake. Mtu atasema, “Lakini Bwana Heri aliinuka tena mwaka 1894.” Ndivyo, naye akashindwa. Nasi twajibu: msamaha humrudisha mtu nyumbani, lakini hauondoi kisa kilichomtoa nyumbani. Kisa kikibaki, msamaha ni kama dari juu ya moto.

Sasa tuvuke mpaka, twende Kenya, jirani zetu, ambako vita vya Mau Mau vilileta hali ya hatari tangu Oktoba 1952 hata Januari 1960. Huko palikuwa na walinzi wa vijiji waliosimama na Serikali ya Waingereza, na palikuwa na maelfu kwa maelfu waliotiwa kambini, wengi bila ya kuhukumiwa. Wale walipokuwa kifungoni, mashamba ya Wakikuyu yalikusanywa na kupimwa upya. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa Waafrika, Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakupewa kura ila wameonyesha utiifu wao. Mfungwa akarudi akakuta mipaka imehama, na jirani yake aliyekuwa mlinzi amemtangulia.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, Jomo Kenyatta, aliyekuwa mfungwa naye, aliwataka watu wote wasameheane. Neno hilo lilizuia kisasi, na hilo si jambo dogo. Lakini majeraha hayakusemwa. Ilikuwa mwaka 2013 ndipo Serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba wafungwa waliteswa, ikasema inasikitika, na ikakubali kuwalipa watu 5,228 waliokuwa hai bado. Kijana wa miaka 20 katika mwaka 1953 alikuwa mzee wa miaka 80. Wangapi walikwenda kaburini bila ya kulisikia neno hilo?

Mataifa nayo yamejifunza kwa machungu. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yaliagiza kwamba wafungwa wa vita vya mataifa waachiliwe bila ya kukawia mapigano yakikoma. Nyongeza ya mwaka 1977 ikawataka wenye mamlaka, baada ya vita vya ndani ya nchi, wajitahidi kutoa msamaha mpana kadiri iwezekanavyo.

Lakini Wasambaa walikuwa na maneno yao kabla ya Geneva. Wazee husema kuna kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuna kuzifya shi, yaani kuiponya. Nguvu mbili zikishindana, nchi huharibika, mvua hukosekana, na njaa huingia. Tazameni basi neno lenyewe: hawakusema kumponya mshindi, wala kumponya mshindwa, walisema kuiponya nchi, kwa kuwa wote wawili hulima katika udongo mmoja.

Kwa hiyo tukisikia kwamba vita vimekwisha mahali fulani, tusiulize tu nani ameshinda. Tuulize mfungwa amerudi lini, shamba lake limekuta nani ndani yake, na mtoto wa mtiifu anakwenda shule na watoto wa nani. Hapo ndipo tutajua kama vita vimekwisha, au vimelala tu.