Saa za Kujisomea: Rasilimali za Mwanafunzi katika Vyuo Vikuu Vidogo vya Binafsi nchini Tanzania

Hali ya mwanafunzi katika chuo kikuu kidogo cha binafsi huelezwa kwa kawaida kwa kuorodhesha vitu: vitanda vya bweni, nakala za vitabu, kompyuta za maabara na viwanja vya michezo. Orodha hiyo ndiyo inayochapishwa katika vijitabu vya kuwavutia waombaji, na ndiyo inayoandaliwa pale chuo kinapotakiwa kuonesha kwamba kinastahili kuendelea kutoa shahada. Mada hii inapendekeza kipimo kingine, yaani saa ambazo mwanafunzi wa kawaida anaweza kuitumia rasilimali fulani kwa wiki bila kuzuiwa na kufuli, ratiba au deni la ada, kwa kuwa chuo chenye vitu vichache vinavyofikika mchana na usiku kinaweza kumsaidia msomaji kuliko chuo chenye vitu vingi vilivyofungiwa.

Chuo kikuu cha binafsi, kwa maana inayotumika hapa, ni kile kinachomilikiwa na kanisa, jumuiya ya Kiislamu, wakfu au kampuni, ingawa kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) sawa na vyuo vya umma, na wanafunzi wake wanaruhusiwa kuomba mkopo wa Serikali. Kidogo ni kile ambacho wanafunzi wake hawazidi elfu mbili au tatu. Udogo wenyewe hauna aibu, kwani hata elimu ya chuo kikuu mjini Dar es Salaam ilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache tu wa sheria. Baada ya marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1995, yaliyounda baraza la ithibati na kuwafungulia mlango wamiliki wasio wa Serikali, vilianza vyuo kama Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki mwaka 1997 na, mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) huko Nyegezi, Mwanza, ambacho baadaye kilikua hata kikavuka mipaka ya udogo unaozungumzwa hapa.

Jambo moja la kihistoria halina budi kutajwa, kwa sababu athari zake zinaonekana hadi leo: baadhi ya vyuo hivi vilirithi majengo yaliyokusudiwa shughuli nyingine. SAUT ilikua kutoka katika taasisi ya mafunzo ya jamii iliyokuwapo Nyegezi tangu 1960, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianzia katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha shirika la umeme, TANESCO. Urithi wa namna hii huokoa fedha nyingi, lakini jengo lililobuniwa kwa ajili ya kozi za muda mfupi za watu wachache lina madarasa ya kutosha na nafasi finyu ya kujisomea, maana anayekuja kwa mafunzo ya wiki sita hahitaji sana mahali pa kukaa peke yake na kitabu, ilhali mwanafunzi wa shahada anapahitaji mahali hapo kila siku kwa miaka mitatu.

Ukubwa wa hitaji hilo unaweza kukadiriwa kwa kutumia kanuni za TCU zenyewe. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, na krediti moja, ambayo ni kizio cha kupimia kazi ya mwanafunzi, ni sawa na saa 10 zinazojumuisha mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Kwa mwaka mmoja, basi, mwanafunzi anadaiwa krediti 120, yaani saa 1,200, ambazo zikigawanywa katika wiki 30 za masomo zinakuwa saa 40 kwa wiki. Vipindi vya darasani vikichukua saa 18, zinabaki saa 22 ambazo chuo kimeahidi, katika mtaala wake wenyewe, kwamba mwanafunzi atazitumia kusoma. Ichukuliwe mfano wa chuo chenye wanafunzi 1,500 na maktaba ya viti 100 inayofunguliwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku siku za kazi, na saa sita tu siku ya Jumamosi. Maktaba hiyo inatoa saa 6,600 za viti kwa wiki, wakati mtaala unadai saa 33,000. Hata wanafunzi wanne kati ya watano wakiamua kusomea vyumbani mwao, kiti kimoja hakitabaki wazi, na hapo umeme haujakatika.

Kusomea chumbani si jambo jepesi kama linavyodhaniwa. Kwa kuwa mabweni hayatoshi, wengi hupanga chumba mtaani, kinachojulikana miongoni mwao kama geto, wakiwa wawili au watatu na balbu moja inayolipiwa kwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya kuchangiana na wapangaji wengine. Wakati huohuo, mita chache kutoka hapo, madarasa ya chuo yenye meza, feni na taa hufungwa baada ya kipindi cha mwisho. Kati ya hatua zote zinazoweza kuchukuliwa bila kusubiri mfadhili, kuyaacha madarasa manne au matano wazi hadi saa sita usiku ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, kwa kuwa inahitaji mlinzi wa ziada, umeme, na njia yenye mwanga hadi getini ili wanafunzi wa kike nao waweze kunufaika. Inashangaza kidogo kwamba vikao vya menejimenti hujadili ujenzi wa maktaba mpya kwa miaka mingi bila kuuliza ni nani anayekaa na funguo za madarasa yaliyopo.

Tatizo la funguo linajitokeza pia katika rasilimali za kielektroniki. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba na afya bure au kwa malipo madogo, na mwaka 2003 ukafuata mpango wa AGORA kwa upande wa kilimo. Kwa hiyo chuo kidogo chenye kitivo cha uuguzi kinaweza kuwa na haki ya kusoma maelfu ya majarida ambayo kisingeweza kuyanunua kamwe. Hata hivyo, mipango hiyo ilizoeleka kutumia jina na nywila moja kwa taasisi nzima, na pale nywila inapobaki kwa mkutubi mmoja, likizo yake inakuwa likizo ya majarida yote. Matokeo yake, mwanafunzi huishia katika steshenari iliyo nje ya geti akitoa kopi za hendauti ya mwaka juzi, ambayo mhadhiri ameiacha hapo, na hiyo ndiyo inayokuwa maktaba yake halisi.

Saa za mwanafunzi hutawaliwa vilevile na kalenda ya fedha. Chuo cha binafsi huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa ada, hivyo utaratibu uliozoeleka ni kudai sehemu ya ada kabla ya usajili na kumzuia mwenye deni asiingie katika chumba cha mtihani. Anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupokea kwa awamu fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita bumu, pamoja na fungu la vitabu na viandikwa. Fungu hilo mara nyingi huliwa kabla ya kitabu kununuliwa, na haifai kuliita jambo hilo utovu wa nidhamu, kwani bumu likichelewa hakuna duka la chakula linalokubali ahadi. Asiyepata mkopo hutumia wiki mbili za mwisho wa muhula, ambazo zingekuwa za marudio, kupiga simu nyumbani na kupanga foleni katika ofisi ya mhasibu akiomba kibali cha kufanya mtihani, kisha akifeli na kupata sapu, yaani mtihani wa marudio, hutozwa ada nyingine kwa mtihani huo katika vyuo vingi. Uamuzi wa maombi ya kulipa kidogokidogo ungetolewa katika wiki ya nane badala ya wiki ya mwisho, chuo kisingepoteza shilingi yoyote na mwanafunzi angerudishiwa saa zake.

Kinachobaki ni rasilimali ambayo vyuo vidogo hujivunia kuliko zote, yaani ukaribu wa watu. Mhadhiri anawajua wanafunzi kwa majina, na mlezi wa wanafunzi, ambaye ni ofisa anayesimamia ustawi wao, anaweza kugundua ndani ya siku tatu kwamba fulani haonekani darasani. Sifa hiyo ni ya kweli na haina budi kulindwa. Hata hivyo, ukaribu huohuo humnyima mwanafunzi faragha anapokuwa na malalamiko. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na vyuo vimekuwa vikianzisha madawati ya jinsia ili kupokea taarifa zake, lakini katika chuo chenye wahadhiri arobaini, anayeketi kwenye dawati hushirikiana ofisi na anayelalamikiwa, husali naye, na pengine watoto wao wanasoma shule moja. Mwanafunzi hulitambua hilo mapema zaidi kuliko menejimenti, naye huamua kunyamaza hadi amalize.

Njia inayopendekezwa ni vyuo jirani kubadilishana wajumbe, ili malalamiko ya chuo kimoja yapokelewe na mtu anayelipwa mshahara na chuo kingine, na jina la mlalamikaji lisipite katika ofisi ya mkuu wa idara yake kabla uchunguzi haujaanza. Utaratibu kama huo si mgeni, kwa kuwa vyuo hivi tayari huazimana watahini wa nje kila mwaka kwa ajili ya kuhakiki alama, wakilipiana nauli, malazi na posho kutoka katika bajeti iliyokwisha kupitishwa.